Ukiruka uchawi, Sunny anabaki na nini?

SWALI: Nafundisha sekondari hapa Newala. Klabu yetu ya usomaji imechagua Akata Witch ya Nnedi Okorafor (2011), habari za Sunny, msichana asiyejua kwao ni wapi. Wazazi wawili wamelalamika kuwa ni kitabu cha uchawi. Mwenzangu amenitumia uchambuzi wa kurasa nne unaosema dhamira kuu ni "jikubali ulivyo". Je, niugawe huo na kuruka sura za uchawi?

JIBU: Mwalimu, hao wazazi waalike, uwasomee sura ya kwanza, wakuulize watakalo. Aliyesikia kitabu kikisomwa ana maswali tofauti na aliyekisikia kwa jirani.

Kinachoniudhi ni hizo kurasa nne. Naletewa za namna hiyo kila muhula, na aliyeziandika ukimbana kidogo unakuta hata kitabu hakukisoma. Anadhani uchawi ni pambo, dhamira iko nyuma yake. Haya, ondoa uchawi. Sunny anabaki mtoto wa Kiigbo, mzaliwa wa New York, anayeishi Aba, Nigeria, akiwa na ualbino na akisumbuliwa shuleni. Basi. Swali la "mimi ni wa wapi" linaulizwa na uchawi wenyewe. Ili avuke daraja la kuingia Leopard Knocks, mji wa wenye nguvu kama zake, lazima auite uso wake wa roho, yaani sura yake ya pili iliyofichika. Akivuka amepata wenzake, lakini ameapa kunyamaza, na hawezi kumweleza mama yake alikokuwa. Huku amepokelewa, kule mlango umefungwa. "Jikubali ulivyo" haigusi hilo hata kidogo.

Wanafunzi wako watalielewa upesi. Wengi wamepita jandoni au unyagoni, wakatoka na mambo ya kutunza. Soma kipande cha daraja kwa sauti, kisha uliza: Sunny hawezi tena kumwambia mama yake nini, na kunyamaza huko kunamgharimu nini? Yao ya jandoni usiyaulize kabisa. Na kama darasani yumo mwenye ualbino, usimsimamishe aeleze Sunny anavyojisikia. Amekuja kusoma hadithi kama wengine.

Kuna pia chittim, fedha zinazomwangukia mtu anapojifunza jambo kwa kweli. Zenye thamani kubwa ni za shaba, za dhahabu ndizo za chini. Waulize kwa nini, uwaache wabishane hadi kengele.

Na hili ni kwa walimu wote, Mtwara na Lindi. Hii miongozo ya fotokopi inawaharibia watoto. Mwanafunzi anakariri dhamira tano za riwaya ambayo hajaifungua. Mtihani ukigeuza swali kidogo tu, anaandika zilezile tano. Nimesahihisha madaftari ya darasa zima yenye kosa lilelile katika jina la mhusika. Wanaouza wanajua wanachouza. Kama nakala ya riwaya ni moja, isome kwa sauti, sura moja kwa wiki, ukitafsiri panapokwama. Msipoimaliza mwaka huu, endeleeni Januari.