Tasnifu ya historia ya dini: jamii ya Freretown, uanzie wapi

Mdogo wangu, umesema unasoma historia na dini, unataka kuandika tasnifu juu ya "Ukristo pwani ya Kenya", na msimamizi amekurudishia pendekezo akisema mada ni pana mno. Ana haki. Hiyo ni kazi ya vitabu vitatu.

Chukua jamii moja, mahali pamoja, miaka isiyozidi ishirini. Mfano mzuri ni Freretown, 1875 hadi 1895. William Salter Price wa CMS (Church Missionary Society, chama cha wamisionari wa Kianglikana) alikianzisha kijiji hicho bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watu waliookolewa na manowari za Waingereza kutoka majahazi ya watumwa baada ya mkataba wa 1873 kufunga soko la watumwa Unguja. Kengele yake ndiyo iliyoipa Kengeleni jina. Ndani ya kijiji kulikuwa na tabaka mbili: hao mateka, na Waafrika wa Bombay, yaani waliookolewa zamani zaidi, wakapelekwa India wakasomeshwa, kisha wakarudi kuwa walimu na mafundi. Wawili kati yao, William Jones na Ishmael Semler, walipewa ushemasi na Askofu Hannington mwaka 1885.

Hapo swali limejitokeza lenyewe: nani alikuwa na usemi katika jamii ile, na aliupataje? Hilo linajibika. "Je, waliamini kwa dhati?" halijibiki kwa karatasi, mwachie mwanateolojia. Wengi hukwama hapa: wanajaza sura mbili za mafundisho ya kanisa, halafu watu wenyewe hawaonekani.

Watu wako kwenye madaftari. Omba kwa kasisi wa parokia daftari la ubatizo na la ndoa, kwa barua ya chuo. Ukiruhusiwa, kaa nalo ofisini kwao, tumia penseli, piga picha bila taa ya kamera. Tengeneza jedwali: tarehe, jina jipya, jina la zamani, asili, umri, wadhamini, aliyebatiza. Safu ya wadhamini ndiyo dhahabu. Jina moja likisimama kwa watu kumi au kumi na tano, huyo si mdhamini tu, ni mtu mkubwa wa kijiji, na pengine hakuna barua ya mmisionari inayomtaja.

Mitego iko miwili. Kwanza, mtu mmoja huandikwa kwa tahajia tatu, ubatizo hivi, ndoa vile. Usihesabu majina ukadhani umehesabu watu. Linganisha mwenzi na wadhamini kwanza. Pili, safu ya asili. "Mnyasa" aliyeandikwa na Mwingereza anaweza kuwa mtu yeyote aliyetokea upande wa Ziwa Nyasa. Andika kama ilivyo, usiigeuze kabila la leo.

Barua za wamisionari ziko Birmingham, katika kumbukumbu za CMS. Usiahidi kwenye pendekezo kwamba utazisoma zote kama huna nauli wala nakala. Majarida yao ya wakati ule yanapatikana mtandaoni, lakini kumbuka yaliandikwa kuwagusa wachangiaji, kwa hiyo habari za wongofu zimejaa na ugomvi wa mishahara umepunguzwa.

Ukitaka kuongeza Rabai, kituo kingine cha CMS karibu na Mombasa, kuna tukio la kufaa: Januari 1889 George Mackenzie wa kampuni ya IBEA (Imperial British East Africa) aliwalipa mabwana wa watumwa fidia, na watoro zaidi ya 1,400 waliokimbilia misheni wakapata hati za uhuru. Hapo utakutana na karatasi za Kiarabu zenye tarehe za Hijria. Usijumlishe 622 tu. Zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha ongeza 622: 1306 inakupa mwisho wa 1888. Ukijumlisha moja kwa moja unapata 1928, na umeruka miaka arobaini. Ukiwa na siku na mwezi, tumia kikokotoo, kwa sababu mwaka mmoja wa Hijria huangukia miaka miwili ya Miladi.

Mahojiano yaje mwisho, ukishayajua majina. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kiombe mapema, kisha ripoti kwa utawala wa kaunti kabla ya kugonga mlango wa mtu. Wazee sita hadi wanane wanatosha; saa moja ya sauti hukula saa nne mpaka sita za kunakili, na hapo ndipo ratiba za wengi huvunjika.

Na tafadhali, usimuulize mzee kama babu yake alikuwa mtumwa. Pwani hilo ni tusi hadi leo, na mazungumzo yataishia hapo. Muulize babu alifika na nani, shamba alipewa na nani, amezikwa wapi, nani alimdhamini kanisani. Akikutajia jina, lifungue kwenye jedwali lako akiwa bado amekaa. Mara nyingi atakusahihisha tahajia, kisha atakutajia ndugu ambao daftari halikuwaandika. Andika maelezo yake kwenye safu yake peke yake, usiyachanganye na ya daftari, ili msimamizi akiuliza lipi limetoka wapi uwe na jibu.