Ukitaka kuigiza bibi, kaa na bibi

Wadogo zangu mnaoanza kuigiza hapa Moshi, kila mazoezi mapya yanapofunguliwa nakutana na bibi yuleyule. Binti wa miaka ishirini na kitu anapewa uhusika wa mwanamke mzee. Anafunga khanga kiunoni, anashika fimbo, anapinda mgongo na kutetemesha sauti. Wenzake wanacheka, naye anaamini ameweza. Bibi wa namna hiyo hayupo Rau, hayupo Kibosho, hayupo popote. Ni bibi aliyenakiliwa kutoka kwa mwigizaji mwingine, ambaye naye alimnakili mwingine.

Mtu ninayependa kuwatajia ni Cicely Tyson, mwigizaji Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1924 na kukulia Harlem, New York, na wazazi waliotoka kisiwa cha Nevis, huko Karibiani. Mwaka 1974 alionekana katika filamu ya televisheni akiigiza Jane Pittman, mhusika wa kubuni aliyezaliwa utumwani, tangu ujana wake mpaka alipofikisha miaka 110. Tyson mwenyewe alikuwa bado hajagonga hamsini. Alikaa saa nyingi kwenye kiti akipakwa vipodozi vya uzee, lakini vipodozi vinatengeneza uso tu. Kazi kubwa aliifanya kabla: alikwenda kwenye nyumba za kutunzia wazee, akakaa nao, akawatazama na kuwasikiliza. Uhusika ule ulimpatia tuzo mbili za Emmy, tuzo za televisheni za Marekani.

Sisi hata hatuhitaji kutafuta nyumba ya wazee. Nenda soko la Mbuyuni asubuhi, wakati akina mama wanateremka na ndizi kutoka mlimani. Mtazame mama mtu mzima anavyotua mkungu. Hainami kama wewe unavyodhani. Shingo inabaki imenyooka, anashuka kwa magoti kidogo, mkono mmoja umeushika mkungu na wa pili unatafuta bega la jirani au ukingo wa meza. Mkungu ukishagusa chini ndipo pumzi inatoka. Kisha anataka kukaa. Kiganja kinatangulia pajani, anageuka, halafu anakitazama kigoda kabla hajakikalia. Kijana hatazami anapokalia, anajitupa tu. Mzee hutazama.

Chukua hilo moja, uende nalo jukwaani. Ukikitazama kigoda sawasawa, fimbo utaiacha nyumbani na sauti utaongea ya kwako.

Ukienda kutazama watu, nenda kwa adabu. Toa shikamoo, nunua kitu, kaa, zungumza. Usimpige mtu picha kwa simu kana kwamba ni mnyama wa mbugani. Na lafudhi ya Kichagga muache kuitumia kama kichekesho cha bure. Mmachame na Mrombo hawaongei sawa, na mtu wa Rombo aliyekaa ukumbini atajua ndani ya sentensi moja kwamba hujawahi kumsikiliza. Mwenye uwezo wa kwenda kusoma TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, aende, nitamshangilia. Huko atafundishwa mengi nisiyoweza kumpa. Lakini darasa la Mbuyuni halina ada, na hakuna chuo kitakachokufanyia kazi hiyo.

Kuna jambo la nywele, nalo linaniuma. Mwaka 1963 Tyson alitokea kwenye tamthilia ya televisheni ya East Side/West Side akiwa na nywele zake fupi za asili, wakati ambapo mwanamke mweusi kuonekana hivyo kwenye televisheni ya Marekani lilikuwa jambo geni. Alifanya hivyo kwa sababu mwanamke aliyekuwa akimwigiza angekuwa hivyo. Sisi, zaidi ya nusu karne baadaye, tunamleta mama wa Uru anayetoka kukatia ng'ombe majani akiwa na kope za kubandika na kucha ndefu zinazong'aa. Panga hilo analishikaje? Najua mnaogopa kuonekana wabaya. Lakini mtazamaji akishaona kucha, haoni tena machozi. Vua wigi, funga kitambaa kama wanavyofunga wao, na maleba, yaani mavazi ya kuigizia, yachafuke kweli, kwa udongo.

Baada ya filamu ya Sounder ya mwaka 1972, iliyomfanya ateuliwe kuwania tuzo ya Oscar, Tyson hakukubali kila alicholetewa. Wakati huo filamu nyingi zilimpa mwanamke mweusi nafasi ya kahaba au mpambe wa wauza dawa za kulevya, na yeye aliona afadhali akae bila kazi. Hapa watu humwelewa vibaya. Kukataa uhusika hakumaanishi kumkataa mhusika mbaya. Kahaba akiandikwa kama mtu, mwenye mama, mwenye deni, mwenye kitu anachokitaka, mchukue kwa mikono miwili. Unachopaswa kukataa ni uhusika mtupu, hata kama ni wa mke mwema anayelia na kusamehe kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Yule bibi mchawi asiye na sababu yoyote ya kuwa mchawi ni mtupu. Dada wa kazi anayepigwa ili watu wacheke ni mtupu pia.

Ila anayeweza kukataa ni yule mwenye chakula ndani. Tyson mwenyewe alianza kama mpiga taipu wa Msalaba Mwekundu. Cherehani, saluni, genge, kufundisha: shika kimoja usikiachie. Sanaa yako itakuwa na heshima zaidi ukiwa huitegemei kulipa kodi ya mwezi huu.

Jukwaa na kamera vinadai miili miwili tofauti. Kwenye ukumbi wa usharika wenye paa la bati, mvua ya Aprili ikianza, koo halitakusaidia. Sauti itoke tumboni, na maneno ya mwisho wa sentensi usiyameze. Mbele ya kamera, sauti hiyohiyo ni kelele. Pale jicho likisogea linatosha. Halafu vipande vinarekodiwa bila kufuata mpangilio wa hadithi, kwa hiyo kumbuka kikombe ulikishika mkono gani, maana kesho utaulizwa.

Jukwaani tuna baraka ya watazamaji wanaojibu. "Usimwamini huyo!" "Mama, rudi!" Waigizaji wengi wageni jukwaani wakisikia hivyo wanaganda, au wanakimbiza maneno juu ya kelele. Mwaka 2013 Tyson, akiwa na miaka 88, alirudi Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, katika mchezo wa The Trip to Bountiful na kushinda Tony, tuzo ya maigizo ya jukwaani. Alipofika sehemu ya kuimba wimbo wa kanisani, watazamaji walianza kuimba naye, naye hakuwanyamazisha wala kutoka kwenye uhusika. Fanyeni hivyo. Watu wakijibu, baki ulipo, endelea kutaka kile mhusika wako anachokitaka, usiwatazame. Usisubiri kimya kamili. Kelele ikianza tu kushuka, ingia na neno lako.

Kuhusu wazazi, sitasema mengi. Mama yake Tyson, mtu wa dini hasa, alimfukuza nyumbani kwa ajili ya uigizaji, na baadaye walipatana. Mama yako anataka uwe nesi hospitali ya KCMC na ana sababu zake. Usibishane naye sebuleni. Mwalike aje aone.

Mwisho, karatasi. Kurekodi filamu kunahitaji kibali kutoka Bodi ya Filamu, kwa sheria ya mwaka 1976, na wewe una haki ya kuuliza kama kipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, taasisi ya hakimiliki nchini, inamtambua mwigizaji pia. Hakishiriki, yaani haki za wanaoigiza au kuimba kazi, hata iliyoandikwa na mwingine, ndiyo sehemu inayokuhusu, isome. Nauli na chakula cha lokesheni si malipo, hata vikiitwa kwa jina zuri la posho. Mkataba uandike kiasi, tarehe ya kulipwa, na kazi itaonyeshwa wapi: televisheni pekee, au na YouTube pia. Mtayarishaji akikwambia karatasi itakuja baadaye, mazoezini nenda kama kawaida, lakini usisimame mbele ya kamera kabla hujasaini na kubaki na nakala yako.