Skrini ya bluu ikikuuliza habari za hifadhidata

Mara ya kwanza kusakinisha phpmyadmin (programu ya kusimamia hifadhidata kupitia kivinjari) kwenye Debian, aina mojawapo ya Linux, skrini iligeuka bluu katikati ya kazi ikaniuliza kama nataka zana iitwayo dbconfig-common iniandalie hifadhidata. Nikajibu hapana. Nilijiona fundi, nitaiunda mwenyewe. Usiku ukaniishia kwenye majedwali na ruhusa za mtumiaji.

Siku hizi najibu ndiyo. Hiyo dbconfig-common inaunda hifadhidata pamoja na mtumiaji wake, inapakia majedwali, kisha inaandika mipangilio hiyo ndani ya /etc/dbconfig-common/. Ikikuomba nenosiri la programu, acha wazi ubonyeze Enter, itatunga lake yenyewe. Tafadhali usiweke lile unalotumia kila mahali. Ukilihitaji, fungua faili la programu hiyo kwenye folda hiyo kwa sudo (ruhusa ya msimamizi), utalikuta humo.

Ila anza na mariadb-server, yaani seva yenyewe ya hifadhidata, uhakikishe imewaka (systemctl status mariadb), ndipo ulete programu. Ukienda kinyume utakutana na ERROR 2002 ikilalamikia mysqld.sock, faili ambalo programu hupitia kuifikia seva. Hapo usichague "ignore" kwa hasira. Fungua terminal nyingine, washa seva, rudi uchague "retry". Na kama ulishaharakisha, sudo dpkg-reconfigure phpmyadmin itakurudishia maswali yaleyale.

Kwenye kuchagua seva ya wavuti nako kuna mtego: apache2 inaonekana imechaguliwa, kumbe kishale kimeilalia tu. Bonyeza spesi mpaka uone nyota kwenye mabano.

Kilichoniumiza mimi si kusakinisha, ni kuondoa. Kuna shule niliyokuwa naitunzia barua pepe. Roundcube, programu ya kusomea barua hizo kwenye kivinjari, ikaanza kusumbua, nikaamua kuing'oa kwa apt purge (amri inayoondoa programu pamoja na mipangilio yake) niisakinishe upya. Skrini ya bluu ikauliza: nifute na hifadhidata? Mkono ulishazoea ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nikabonyeza.

Barua zenyewe zilipona, maana zinakaa kwingine, kwenye seva ya IMAP inayotunza barua. Lakini vitabu vya anwani vya walimu wote vilikuwa ndani ya ile hifadhidata. Kesho yake asubuhi mwalimu wa taaluma akanipigia: "Fundi, mbona anwani za wazazi sizioni?" Nikamwambia naangalia, wakati hakukuwa na cha kuangalia.

Tangu siku hiyo sigusi purge kabla ya mstari huu, unaonakili hifadhidata kwenye faili:

sudo mysqldump roundcube > roundcube.sql

Halafu nalifungua faili hilo kwa less (amri ya kusoma faili), nione majina ya watu yamo kweli.