Funguo imegoma kwenye swichi

Swali: Habari fundi, nipo Kizota hapa Dodoma, gari yangu ya mwaka 1998 funguo inaingia kwenye swichi ila haizunguki, nimelazimisha mpaka naogopa itakatika.

Jibu: Pole sana ndugu yangu, na tafadhali usilazimishe tena maana ikikatikia humo ndani kazi inakuwa kubwa. Chezesha usukani kushoto kulia huku unazungusha funguo taratibu, mara nyingi ni loki ya usukani tu imekaza. Ikigoma inaweza kuwa vumbi letu hili, kwangua ile nyeusi ya penseli mpaka iwe unga, paka kwenye funguo, ingiza utoe mara kadhaa. Oili hapana kabisa, inakamata vumbi. Funguo ya akiba ikikubali basi hiyo unayotumia imelika meno, kachongeshe nyingine kwa kufuata ya akiba.