Usiitupe Pakiti Siku ya 12

Msomaji wa Likoni ameniandikia kwamba alianza vidonge vya kupanga uzazi, akafika kidonge cha 12, akaitupa pakiti. Alikuwa na kichefuchefu kila asubuhi akivuka feri na matone ya damu yasiyokatika, na wifi yake alimwambia vidonge vinamchemsha damu. Siku 2 baada ya kutupa, damu ikaja nyingi kama hedhi kamili. Hapo akaamini kizazi kimeshaharibika. Sasa anauliza: aendelee, aache kabisa, au awe anameza P2, kile kidonge cha dharura cha baada ya tendo, akihitaji?

Tuanze na hiyo damu, maana inatisha watu bure. Vidonge vinavyotolewa sana hapa kwetu, kama Femiplan na Microgynon, vina homoni mbili: estrojeni mikrogramu 30 na levonogestreli mikrogramu 150 katika kila kidonge. Hizo ndizo zinazoushikilia utando wa ndani wa kizazi. Ukizikata ghafla, utando unachanika na damu inatoka baada ya siku 2 hadi 4. Ndiyo hiyo hiyo unayoiona kila mwezi ukifika kwenye vidonge 7 vya mwisho, vile vya rangi ya kahawia, ambavyo havina homoni ndani yake, ni madini ya chuma tu. Kwa hiyo aliyeitupa pakiti siku ya 12 amejiletea hedhi kwa mkono wake. Kizazi kiko palepale.

Yale matone ya kabla ya hapo nayo yana maelezo. Utando unakuwa mwembamba kuliko uliouzoea, na miezi ya kwanza haujatulia. Kwa wanawake wengi matone hupungua pakiti hadi pakiti, na ikimalizika ya tatu yamekwisha au yamebaki kidogo. Shida ni hii tabia ya "kupumzika". Mtu anameza wiki 2, anaacha mwezi, anaanza tena, anaacha tena. Kila akianza mwili unaanza kuzoea upya, kama mpangaji anayehama kila mwezi na kila nyumba analipa kilemba. Halafu anawaambia wenzake ametumia vidonge mwaka mzima na havikumfaa, na hajamaliza pakiti 3 mfululizo hata mara moja!

Kinachozidisha matone kuliko chochote ni kumeza ovyo: leo saa 1 asubuhi, kesho saa 5 usiku, keshokutwa umesahau. Chagua saa moja uifunge na jambo usiloliacha. Kwa Mombasa adhana ya isha inatosha, maana wakati wake hauhami sana mwaka mzima. Wanaotumia vile vya homoni moja, vya mama anayenyonyesha, wasitegemee adhana, watie kengele kwenye simu. Aina nyingi za vidonge hivyo, ukichelewa zaidi ya saa 3 kinga imelegea.

Damu ikizidi kukera, kuna njia ya kuipunguza kwa muda: ibuprofeni miligramu 800 mara 3 kwa siku, baada ya chakula, kwa siku 5. Madukani vinauzwa sana vya 400, kwa hiyo ni viwili kila mara. Asimeze mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayoamshwa na dawa za aina hiyo, wala anayeshuku ana mimba. Na kabla ya kununua, jiulize kama unatumia dawa nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu, baadhi ya dawa za kifafa na baadhi ya ARV huifanya homoni iondoke mwilini haraka. Hapo matone ni ishara kwamba hata kinga yenyewe imepungua, na ibuprofeni haitakusaidia. Mweleze nesi. Vilevile damu baada ya tendo la ndoa, maumivu ya chini ya kitovu au uchafu wenye harufu, hayo ni ya kupimwa, usiyasingizie vidonge.

Kichefuchefu kinaletwa na estrojeni. Inafika kilele kwenye damu saa 1 hadi 2 baada ya kumeza, na huyu msomaji alikuwa anameza alfajiri kwa chai kavu, kisha anaingia kwenye feri, tumbo tupu na bahari inayumba! Meza baada ya chakula cha usiku, si kabla, na chakula kiwe cha kushiba, hata kama ni wali na maharage ya nazi. Kilele kikifika uwe umelala. Kuhama kutoka asubuhi kwenda usiku ni rahisi: meza cha leo asubuhi kama kawaida, kisha cha kesho kimeze leo hii hii usiku, uendelee hapo. Pakiti itaisha siku moja mapema, basi. Usisogeze kwa kuchelewesha, sogeza kwa kuwahisha.

Ukitapika ndani ya saa 2 baada ya kumeza, meza kingine, kisha endelea na ratiba. Ndiyo maana nasema kila mara uwe na pakiti ya akiba. Kutapika au kuhara kukizidi siku 2, hesabu kama umeruka vidonge: ukiruka viwili au zaidi mfululizo, meza kimoja mara unapokumbuka, endelea kila siku, na tumia kondomu mpaka umeze vidonge 7 vya homoni bila kukosa. Ikiwa ni wiki ya tatu ya pakiti, maliza vya homoni, tupa vile vya kahawia, fungua pakiti mpya siku inayofuata.

Ramadhani inawachanganya wengi. Anayemeza asubuhi ahamie usiku kabla mwezi haujaandama, kwa njia ile ile ya kuwahisha. Afadhali baada ya futari kuliko wakati wa daku, kwa sababu ukimeza daku kilele kinakukuta asubuhi, na ukitapika alfajiri huwezi kumeza kingine mpaka magharibi. Wanaotaka kuunganisha pakiti ili hedhi isije ndani ya mwezi au safarini Hija, kiafya inawezekana kwa anayefaa kutumia vidonge: unaruka vile 7 vya kahawia na kuanza pakiti nyingine moja kwa moja. Upande wa dini muulize shehe. Ila usianze vidonge siku 10 kabla ya Ramadhani ukitegemea mwezi mkavu, maana hayo ndiyo majira ya matone. Anza miezi 3 mapema.

Kuunganisha huko kunawafaa pia wanaoumwa kichwa kila wakifika kwenye vile vya kahawia. Kichwa hicho kinatokana na estrojeni kushuka ghafla, na paracetamol 2 za miligramu 500 hutosha. Lakini ukiona vimulimuli au mistari ya kupindapinda machoni kabla kichwa hakijaanza kuuma, acha vidonge vya homoni mbili na uende kliniki wiki hiyo hiyo. Mwenye kipandauso cha namna hiyo havimfai, hatari yake ni kiharusi.

Matiti kuuma: sidiria inayoshika vizuri, leso iliyoloweshwa maji baridi, na subira. Kunenepa: tafiti hazijaonyesha kwamba vidonge hivi vinaongeza mwili kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo kabla ya kuvilaumu hesabu mahamri ya wiki. Mabaka usoni ni ya kweli, na jua la Pwani linayakoleza. Liwa inapoza ngozi lakini haizuii jua, na mkorogo utaharibu zaidi. Mafuta ya kuzuia jua ya SPF 30 kwenda juu, kila asubuhi, na mtandio. Yakizidi, omba njia isiyo na estrojeni. Kinyesi cheusi wiki ya mwisho ni lile chuma, usikimbilie hospitali.

Ya kukimbilia hospitali ni mengine: mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, kifua kubana au kukosa pumzi, kichwa kikali cha ghafla, kuona kiza au kushindwa kuongea, tumbo kuuma vikali. Hapo huulizi wifi. Damu kuganda ni nadra: kwa vidonge hivi ni wanawake 5 hadi 7 kati ya 10,000 kwa mwaka, dhidi ya 2 kwa wasiotumia homoni na wasio na mimba. Wenye presha ya 140/90 au zaidi, wavutaji sigara waliotimiza miaka 35, na wanaonyonyesha mtoto chini ya miezi 6 wasianze vya homoni mbili. Ukiuziwa dukani bila kupimwa presha, kapime mwenyewe.

Kuhusu P2, ina levonogestreli miligramu 1.5. Piga hesabu: ni sawa na ya vidonge 10 vya kila siku kwa mpigo mmoja. Anayeogopa homoni halafu anameza P2 mara 3 kwa mwezi ameruka majivu akakanyaga moto, na kinga yake bado ni ndogo kuliko ya vidonge vya kila siku.

Basi, dada wa Likoni. Kama umekutana na mumeo bila kinga ndani ya siku 5 zilizopita, na ulikuwa umeshaacha vidonge, meza P2 leo, mapema iwezekanavyo, na pakiti mpya anza kesho usiku. Kama hukukutana naye, anza leo usiku baada ya chakula. Kwa vyovyote kondomu siku 7, na baada ya wiki 3 pima mimba. Anzia kidonge cha homoni, si cha kahawia, na ufuate mishale. Pakiti ya tatu ikiisha na bado unateseka, nenda kliniki ya uzazi wa mpango na pakiti yako mkononi, mwambie nesi unameza saa ngapi na damu ilitoka siku zipi, akubadilishie.