Kichwa cha mdoli kimegeuka manjano: chungulia shingo kabla ya kushika dawa

Belo la vitu vya watoto likifunguliwa pale Sabasaba au Majengo, ndani yake huwa hamkosi midoli ya mashujaa ya zamani. Utaikuta He-Man ya Mattel, iliyoanza kutoka mwaka 1982, au maroboti ya Transformers ya kuanzia 1984, yote yametupwa kwenye fungu moja na magari yasiyo na matairi. Wakusanyaji wanaitafuta, na Dodoma sasa wapo, hasa tangu watumishi wahamie huku na Serikali. Tatizo kubwa huwa ni kichwa. Kiwiliwili kinaweza kuwa safi kabisa, kumbe uso umekuwa kama jino la mvuta sigara.

Vijana wanaokuja kujifunza kazi hii swali lao la kwanza ni dawa: dawa gani, shilingi ngapi, inapatikana wapi. Subiri kwanza. Chovya shingo kwenye maji ya moto ya kuvumilika kwa mkono, ilainike, kisha chomoa kichwa taratibu huku ukikizungusha. Vichwa vya kubandikwa kwa gundi au skrubu usivivute. Ukishakichomoa, angalia ndani ya shingo, sehemu ambayo haijawahi kuona mwanga. Ile ndiyo rangi ya kiwandani. Ikilingana na ya usoni, basi mdoli haukubadilika rangi, ni uchafu tu, na sabuni ya maji na mswaki laini vinatosha. Vichwa vingi vinavyoletwa kwangu kama "vimeoza" vinaishia hapo hapo.

Ikiwa ndani ni kweupe na nje ni njano, bonyeza kwa ukucha. Plastiki ngumu inayolia "ko" ukiigonga, kwa kawaida ni ABS. Hii hugeuka manjano kwa sababu mwanga wa jua na oksijeni vimeishambulia kwa miaka, na inakubali matibabu vizuri. Kichwa laini kinachobonyea, kama cha He-Man, ni PVC iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha. Mafuta hayo yakianza kutoka, kichwa kinanata na kukusanya vumbi. Kichwa kinachonata ukioshe kwa sabuni, ukikaushe, ukipake poda kidogo, basi. Dawa ya kung'arisha haitarudisha mafuta ndani.

Sasa dawa. Ni haidrojeni peroksaidi. Ya duka la dawa huwa asilimia 3. Ya saluni, ile krimu wanayochanganya na blichi, huandikwa 20, 30 au 40, maana yake takribani asilimia 6, 9 na 12. Mimi sivuki 6 kwa kichwa chochote, na kwa PVC naishia 3. Hiyo ya 40 inaunguza ngozi hadi vidole vinakuwa vyeupe, na haraka unayoipata hailingani na hatari. Vaa glavu na miwani hata kwa ile dhaifu. Usiichanganye na siki wala na dawa ya kung'arishia nguo. Usiifunge kwenye chombo kisichopumua pia, kwa sababu inatoa gesi na chombo kinaweza kupasuka. Asetoni ya kufutia rangi ya kucha ikae mbali kabisa na meza yako, inayeyusha ABS ukiwa unatazama.

Krimu naiepuka kwenye vichwa. Uso una pua, masikio na mikunjo ya nywele. Krimu hukauka mapema pembeni na kubaki mbichi mashimoni, halafu unapata mabaka ambayo ni kazi kweli kuyaondoa. Na upepo wetu wa Julai ukileta lile vumbi jekundu, krimu inalinasa lote. Kichovye kichwa chote kwenye kimiminika, ndani ya bakuli la plastiki angavu au la kioo.

Hapa kuna jambo dogo linaloharibu kazi nyingi. Kichwa chenye uwazi ndani kinaelea. Utosi unabaki nje ya dawa, na ukikitoa unakuta mstari umekata paji la uso, chini kweupe, juu njano. Kijaze dawa kwa ndani mpaka mapovu yaishe, kisha tumbukiza gololi mbili tatu kupitia shingoni, kitazama chenyewe. Gololi za kioo, nasema, maana nati ya chuma inashika kutu na kuivunjavunja dawa kabla haijafanya kazi. Kigeuze kichwa kila unapopita karibu.

Jua la Dodoma ndilo linalowadanganya wageni wa kazi hii. Wanafikiri joto ndilo linang'arisha, wanaweka bakuli juu ya bati saa saba mchana. Kinachofanya kazi kubwa hapa ni mwanga, ile miale ya urujuanimno. Joto kwa PVC ni adui, kwani kichwa kinalainika, shingo inapinda na hairudi kwenye tundu lake. Anza saa mbili asubuhi, kwenye saa tano ondoa. Bakuli la dawa likae ndani ya beseni la maji baridi, na maji hayo uyabadilishe yakipata uvuguvugu. Kwangu miezi mizuri ni Juni na Julai, anga safi na ubaridi. Funika bakuli kwa kipande cha kioo bila kukaza, upepo usimwage vumbi. Oktoba jua ni kali mno, kwa hiyo punguza muda.

Kikague kila saa ukikilinganisha na ndani ya shingo, na kitoe kabla hakijafika pale. Ukichelewa, plastiki inapata ukungu mweupe wa chokaa, na huo hautoki. Macho na midomo iliyopakwa rangi huweza kufifia, kwa hiyo ukiona rangi imeanza kupauka, simamisha hata kama njano bado ipo. Kuifunika rangi hiyo kwa solotepu hakusaidii, dawa inapita chini yake.

Suuza kwa maji ya kunywa ya chupa. Maji yetu ya bomba yana chumvi, yakikauka kwenye mikunjo yanaacha madoa meupe na utadhani umeunguza.

Madoa ya kijani masikioni ni habari nyingine. Ni shaba ya hereni iliyoingia kwenye plastiki, na wakusanyaji wa Barbie za zamani wanalijua sana. Toa hereni, paka krimu ya chunusi yenye benzoili peroksaidi juu ya doa tu, urudie kwa uvumilivu.

Ukimkabidhi mteja, mwambie kichwa kimeng'arishwa na njano inaweza kurudi, hata akikiweka gizani. Asikiweke dirishani wala kwenye chumba cha bati kisicho na dari. Na vichwa laini visigusane na plastiki ngumu kwenye boksi moja. Mafuta yanahama na kuacha alama. Kila kimoja kifungwe kwenye karatasi yake.