Maswali ya Wasomaji: Shaba, Manuizi na Mashine

Barua za mwezi huu zinahusu mchezo wa kuigiza wahusika kupitia intaneti: mwongozaji anasimulia, kila mchezaji anaamua mhusika wake afanye nini, dadu zinakata shauri. Wote walioandika wamebuni ulimwengu wao wenyewe.

*Yambo bakubwa. Naongoza wachezaji wanne katika ulimwengu wenye waganga wanaonuiza na mafundi wa mashine za mvuke. Mganga anamaliza kila kazi kwa neno moja. Fundi anakaa tu, mwezi wa pili sasa. Niongeze nguvu ya mashine zake?*
Msomaji, Kamalondo, Lubumbashi

Usiongeze. Ukiongeza, mwezi ujao mganga ndiye atakayetuandikia. Shida ni kwamba mganga wako halipi kitu, ilhali fundi analipa muda, vyuma na jasho.

Wape mfuko mmoja wa kuchotea. Kwetu Katanga mfuko huo upo tayari: shaba. Kabla ya viwanda, wayeyushaji wa huku walichoma malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, kwa makaa katika tanuri za udongo wa kichuguu, wakamimina shaba kwenye kalibu za umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitumika kama fedha, na mingine imefukuliwa kwenye makaburi ya Sanga, katika bonde la Upemba. Basi kikundi chako kianze kila kikao na misalaba 6, ya wote kwa pamoja. Wakigombania, vizuri: kugombania huko ndiko mchezo wenyewe.

Nuizi (neno la uchawi) dogo linakula msalaba 1, kubwa 3, na shaba hiyo inageuka majivu papo hapo. Mashine inagharimu misalaba 4 na nusu siku ya kazi ndani ya hadithi. Kila ikishatumika, fundi arushe dadu ya pande 6. Ikitoka 1, imekwama. Kwa wastani itafanya kazi mara 6. Akiitengeneza kwa msalaba 1, irudi ikiwa na dadu ya pande 4, yaani wastani wa mara 4 nyingine. Ikikwama tena ni chuma chakavu, na fundi arudishiwe msalaba 1. Piga hesabu: misalaba 4 (4 ya kujenga na 1 ya kutengeneza, ukitoa 1 aliyorudishiwa) imempa fundi matumizi kama 10, na ingempa mganga manuizi madogo 4. Mganga haonewi, kwa sababu mashine inajua kazi moja tu, inabebwa, inaibwa, inaloa, na nusu siku ya kuijenga haipatikani adui akiwa mlangoni.

Wengi huharibu mpango huu kwa kuruhusu matengenezo bila kushusha dadu. Hapo msalaba 1 unanunua matumizi 6 tena na tena, na baada ya vikao vichache hakuna anayenuiza.

Kisha tofautisha uchawi na mashine katika kushindwa. Tuseme mnarusha dadu mbili za pande 6 na kuongeza namba ya ujuzi wa mhusika: 10 au zaidi umefaulu, 7 hadi 9 umefaulu kwa gharama, 6 au chini umeshindwa. Mganga akishindwa, madhara yaingie mwilini mwake: mkono unakufa ganzi, sauti inapotea hadi alfajiri. Mashine ikishindwa, madhara yaangukie mahali: mvuke unajaza chumba, paa linashika moto, walinzi wanasikia kishindo. Ukifanya hivyo, wachezaji wenyewe wataanza kuulizana nani atangulie, kulingana na walipo. Ujuzi usizidi +3. Bila nyongeza, uwezekano wa kushindwa ni asilimia 42. Kwa +3 unashuka hadi 8, na kwa +4 unabaki 3, yaani dadu zimekuwa pambo.

Jambo moja ambalo hatulipendi kabisa ni uchawi kufanywa betri ya mashine. Kama nuizi linazungusha tu gurudumu ambalo makaa yangezungusha, umebaki na teknolojia iliyopakwa rangi. Uchawi ufanye lile ambalo hakuna fundi angeweza: kuita jina la aliyekufa, kumfanya mtu asahau njia ya nyumbani.

*Ndugu wahariri, wachezaji wangu wako Goma, Lubumbashi, Kinshasa na Nairobi. Kila kikao mmoja anachelewa saa nzima, mwingine mega zinamwishia katikati. Nifanyeje?*
Msomaji, Himbi, Goma

Kwanza saa. Goma na Lubumbashi ziko sawa, Kinshasa iko nyuma kwa saa moja, Nairobi mbele kwa saa moja. Andika "20h00 ya Goma, 19h00 ya Kinshasa, 21h00 ya Nairobi", zote tatu, kila wiki. Ukiandika "saa mbili" tu, mmoja ataisoma kwa Kiswahili na mwingine kwa Kifaransa. Discord, programu ya kuongea kwa sauti kwenye kundi, pia ina alama ya wakati inayomwonyesha kila mtu saa ya simu yake mwenyewe.

Mega: sauti ya Discord kwa kawaida huwekwa kwenye kilobiti 64 kwa sekunde. Hiyo ni karibu mega 29 kwa saa, na vifungashio vya data vinaifikisha kama 40. Kwenye mipangilio ya chumba cha sauti shusha hadi 24: mtaelewana vizuri na mtatumia nusu yake, yaani kama mega 60 kwa kikao cha saa tatu. Hesabu hii ni ya mtu mmoja kuongea kwa wakati. Watatu wakiongea pamoja, simu yako inapokea mikondo mitatu. Kwa hiyo kila mtu atumie kitufe cha kubonyeza ndipo aongee. Redio ya jirani nayo inakula mega. Video izimwe, hilo halina mjadala.

Ramani za mchezo ndizo zinazoua mega. Miraba 30 kwa 20, kila mraba pikseli 70, inakupa picha ya 2100 kwa 1400, na hiyo inatosha. Ihifadhi kama WebP, aina ya faili nyepesi ya picha, isizidi mega 1. Ukitumia programu inayoendeshwa kwenye kompyuta yako mwenyewe, kama Foundry, kumbuka kwamba wewe ndiye seva: ramani ya mega 8 kwa wachezaji 5 ni mega 40 za kupakia, na kwa mwendo wa megabiti 2 kwa sekunde watasubiri dakika mbili na sekunde 40. Ya mega 1 inafika ndani ya sekunde 20.

Umeme ukikatika, kompyuta ya mkononi inabaki. Modemu ndiyo inayozima. Nunua betri ndogo ya akiba ya volti 12, lakini usidanganywe na namba iliyoandikwa juu. "8800 mAh" kwa kawaida hupimwa kwa volti 3.7 za seli za ndani, kwa hiyo ni wati-saa 32 na kitu. Modemu inayokula wati 8 itakaa kama saa tatu, ukiondoa kinachopotea njiani. Kikao kimoja.

*Pigano moja linatumalizia jioni nzima. Tuko watano pamoja nami, na mimi ndiye ninayeongoza.*
Msomaji, Kadutu, Bukavu

Wachezaji wanne wakichukua dakika 3 kila mmoja, na maadui wako sita dakika 1 kila mmoja, raundi ni dakika 18. Raundi nne zimekula saa na robo. Kila mchezaji aandike tendo lake kwenye mazungumzo wakati mwenzake anacheza, kisha apewe sekunde 60. Maadui watembee kwa makundi mawili, si mmoja mmoja, na wafuasi wafe kwa pigo moja. Raundi inashuka hadi dakika 6. Halafu amua mapema maadui watakimbia lini, kwa mfano nusu yao wakianguka. Pigano la kufa wote ndilo linalochosha.

*Mama alinisikia nikisema "uchawi" kwenye simu, sasa anadhani tunafanya bulozi. Nimweleze nini?*
Msomaji, komini ya Katuba, Lubumbashi

Mkaribishe mama akae kikao kimoja, sauti ikiwa wazi. Akisikia mnabishana nusu saa kuhusu bei ya boila ya mashine, wasiwasi utapungua. Nawe badilisha msamiati: sema nguvu, manuizi, wafua-shaba. Zaidi ya hapo tunakuomba usiweke kabisa kwenye hadithi mtoto anayeshtakiwa ulozi, hata kwa nia njema. Kwetu hilo si la kubuni, na huwezi kujua ni nani kati ya wachezaji limempitia nyumbani. Kabla ya kikao cha kwanza kila mmoja akutumie faraghani mambo asiyotaka kuyasikia, na katikati ya mchezo yeyote akiandika X, ruka tukio hilo bila kuuliza sababu.

*Mchezaji mmoja anarusha dadu zake nyumbani na anashinda kila mara. Tumfukuze?*
Msomaji, Ibanda, Bukavu

Andika matokeo yake kwanza. Dadu mbili za pande 6 zina wastani wa 7. Marusho 30 yenye wastani unaozidi 8.3 hutokea mara moja au mbili tu katika elfu. Chini ya hapo inaweza kuwa bahati, na wivu wenu.

Hata hivyo msimshtaki. Tangazeni kwamba kuanzia Jumamosi wote, na mwongozaji akiwemo, mnarushia kwenye kundi. Telegram inatosha: ukituma alama ya dadu, programu yenyewe ndiyo inayochagua namba 1 hadi 6. Tuma mbili, jumlisha. Kwa kuwa ujumbe unaweza kufutwa, kanuni iwe kwamba linalohesabiwa ni rusho la kwanza baada ya mwongozaji kuandika "rusha", na aliyefuta amepata 2.